Komeo Nyuma ya Goti

Wodi ya upasuaji ya Hospitali ya Lusungo ilikuwa na sifa moja iliyovuka mabonde na mabonde: humo ndani hakuna aliyelia. Mtu aliyekatwa mfupa asubuhi alikutwa mchana anakula ndizi na kubishana juu ya mpira. Wauguzi vijana walioajiriwa hapo hawakuwahi kusikia binadamu akiugulia kidonda cha kisu. Kwa hiyo Anganile aliporudi na mguu unaonuka huku uso umejaa tabasamu, waliofadhaika walikuwa wauguzi, si yeye.

Alishushwa kwenye bajaji, akayachukua magongo yake, akaamkia wakubwa kwa wadogo kwa adabu zake zote. Alisema amekuja kubadilishiwa bandeji tu, maana hii imelowa na watoto wameanza kumkimbia. Daktari Sekela, ambaye kazi yake ilikuwa ganzi, alikuwa anapita koridoni na kikombe cha chai. Aliisikia harufu kabla hajamwona mtu. Kikombe alikiweka dirishani na hakukirudia tena siku ile.

Majuma machache kabla, ni yeye aliyempandikiza Anganile komeo.

Komeo lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Liliingizwa kwa sindano nyuma ya goti, pembeni mwa neva inayoshuka unyayoni, mashine ikionyesha njia kwenye kioo. Zamani daktari wa ganzi alimwaga dawa mahali hapo hapo, mguu ukafa ganzi siku nzima, mgonjwa akaenda nyumbani anasifu, kisha dawa ikaisha na maumivu yakaja yote kwa mkupuo. Komeo halikuisha namna hiyo. Lilisikiliza neva, likatambua ujumbe upi ni wa maumivu na upi ni wa mguso, likaufungia mlango wa kwanza na kuupisha wa pili. Mgonjwa aliihisi sakafu, aliuhisi ubaridi wa maji, ila kuumwa hakuumwa. Mifupa ikishaunga, komeo liliyeyuka lenyewe. Kulifungua kabla ya hapo kulihitaji kifaa cha hospitali na kidole gumba cha daktari aliyelipandikiza, na kanuni iliruhusu hivyo endapo tu uhai wa mtu uko hatarini. Watu walilipenda kiasi kwamba stoo ya dawa iliacha kuagiza zile dawa kali za zamani. Nani azinunue, na nani alikuwa analia?

Anganile alizaliwa na mguu wa kulia uliogeukia ndani. Alijifunza kutembea kwa ubavu wa unyayo, akakua nao, akachuma chai nao, akaolewa nao. Kila hatua ilimuuma, naye hakuwahi kujua kwamba wengine hatua haziwaumi, mpaka alipozinduka kutoka kwenye upasuaji. Daktari Gwakisa aliikata mifupa, akainyoosha, akaifunga kwa skrubu. Anganile akautazama unyayo wake ulioelekea mbele kama wa watu wote, akaomba aletewe mama yake auone. Akaambiwa mama yake alikwisha kufa na yeye anajua. Akasema anajua, lakini aletewe tu. Dawa ya usingizi ilikuwa haijamtoka.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alipewa sharti moja: asiukanyage mguu ule mpaka aambiwe. Magongo, magongo, magongo. Aliitikia na kurudia sharti hilo mwenyewe, akawachekesha kwa kumwiga Gwakisa anavyokunja uso.

Sasa picha ya mifupa ilikuwa mbele yao. Skrubu moja ilikuwa imepinda na mbili zimekatika. Mifupa iliyonyooshwa ilikuwa imeachana, na katikati yake kulikuwa na usaha. Gwakisa aliitazama picha ile muda mrefu. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, na alikuwa amewaonyesha wanafunzi wake.

"Huyu hakutembea," alisema. "Huyu alikimbia."

Anganile alijifunika mdomo kwa kitenge. Ilibidi Sekela akae kitandani na kumuuliza taratibu, tena na tena, ndipo akasema kwamba alikuwa anamkwepa baba mkwe.

Hakuna mtu wa mabonde yale aliyehitaji kueleweshwa zaidi. Mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimsikia anakuja, huiacha njia, huingia migombani, huchuchumaa na kugeuza uso mpaka mzee apite. Hamwiti, hamjibu, hamtazami. Mila hiyo iliwahi kufa, watu wakaicheka. Kisha ikaja miaka ya vurugu, vijana wakawaburuta wazazi wao barazani mbele za watu, na mambo yalipotulia wazee wa koo kadhaa wakasema bora heshima iliyopitiliza kuliko ile aibu. Wakairudisha. Katika miaka yote ya ndoa yake, Anganile alimjua baba mkwe wake, Mzee Ambilikile, kwa kikohozi, kwa mgongo na kwa kofia yake ya sufu.

"Kona ile ya mfereji," alisema. "Nikamsikia anakohoa, yuko karibu mno. Na mfereji huwezi kuuvuka kwa magongo, daktari. Nikayatupa, nikaruka."

"Mara moja?"

Anganile alitazama dirishani. "Mara moja," alisema.

Sekela hakumwamini, lakini hakumsuta. Hata yeye alipokuwa mdogo aliwahi kumwona mama yake akiutupa mtungi mzima wa maji kwa sababu ya kikohozi.

*

Gwakisa alitaka kuukata mguu chini ya goti, na kuukata mapema. Usaha ulikuwa umeanza kupanda. Alisema hayo kwa sauti ya chini ofisini kwake, na tumtendee haki, alikuwa anaumia.

Sekela alikuwa na wazo jingine ambalo kwa muda mrefu halikupata wa kulisikiliza. Aliwahi kuona kwamba vidonda vilivyolindwa na komeo vinafunga polepole kuliko inavyopaswa. Neva za maumivu hazifanyi kazi ya kupiga kelele tu. Zenyewe humwaga kemikali zinazotanua mishipa, zikaita damu, zikaita chembe za kupigana na wadudu. Ukizifunga mdomo, umezifunga na mikono. Alikwisha kulifikisha jambo hilo kwa wakubwa wa hospitali, akajibiwa kwamba kidonda kinachopona polepole kwa ukimya ni bora kuliko kinachopona haraka kwa mayowe. Mambo yakaishia hapo, maana hospitali isiyo na kilio ilikuwa fahari ya watu wote.

Kwa hiyo alimwambia Gwakisa: kisafishwe kidonda upya, mifupa ishikwe kwa vyuma vya nje, na komeo lifunguliwe. Neva ikiamka, mguu unaweza kujipigania. Hakuweza kuahidi. Alisema tu kwamba ungekuwa na nafasi, na kwamba uhai wenyewe ulikuwa hatarini, hivyo kanuni haitamzuia.

"Na maumivu utayatibu kwa nini?" aliuliza Gwakisa. "Stoo kuna panado."

"Kwa panado."

Gwakisa akamuuliza kama kweli anataka kumtesa mtu ili mguu upone. Sekela alijibu kwamba anataka mwenye mguu achague. Lilikuwa jibu zuri, lakini halikumtuliza alipokuwa anarudi wodini. Alikuwa amesomea kuondoa maumivu. Hakuwahi hata siku moja kumpa mtu maumivu.

Anganile alisikiliza yote bila kumkatiza. Aliuliza kama yatakuwa makali kuliko yale ya zamani. Sekela alisema ndiyo, kwa mbali. Akauliza kama yatakwisha. Sekela alisema yatapungua, hajui lini. Anganile akapapasa nyuma ya goti, mahali palipopandikizwa komeo.

Mumewe, Lwitiko, alikuwa machimboni Chunya. Walimpigia simu, sura yake ikaja imejaa vumbi, akalia kwanza, kisha akasema muulizeni baba. Sekela alikasirika waziwazi. Mguu wa mtu mzima, na bado unatafutiwa mwenyewe! Lakini Anganile alisema mume wake amesema vema. Aitwe baba.

*

Mzee Ambilikile alikuja amevaa koti la kanisani. Hakuingia wodini, asingeweza. Alizunguka nyuma ya jengo, akatafuta dirisha la kitanda cha Anganile kwa kuuliza, akaketi kwenye benchi chini yake na kuupa ukuta mgongo. Ndani, Anganile aliposikia kikohozi alijivuta kuamka, mguu wake wa kushoto ukagusa sakafu. Sekela alimrudisha kwa mikono miwili. Akajifunika kitenge usoni.

Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri. Dirisha lilikuwa wazi. Lakini maneno hayangeweza kuvuka yenyewe, kwa hiyo Sekela alisimama dirishani katikati yao, kila neno likapitia kwake.

"Mwambie mkwe wangu pole," alisema mzee akitazama uani.

"Anasema pole."

"Mwambie nimekwisha kupoa," alisema Anganile chini ya kitenge.

Sekela alimweleza mzee hali ya mguu na njia mbili zilizobaki. Alieleza kwa Kiswahili chepesi, hakuficha kitu. Mzee aliuliza maswali machache, yote ya maana. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akaiweka gotini, na kwa muda akawa anaichambua nyuzi.

"Mwambie siku ile nilimwona."

Sekela aligeuka. Chini ya kitenge hapakuwa na mtikisiko.

"Haifai mtu kumtazama mkwe wake," mzee aliendelea. "Mimi nilitazama. Miaka yote hii nimekuwa nausikia ule mguu ukiburuzwa kwenye majani, ananikimbia mimi. Na mimi siwezi kusema acha, mama, kaa tu, maana kumsemesha ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Kwa hiyo nilikuwa napita njia ya juu. Ni ndefu, ina utelezi, lakini nilipita huko ili asihangaike. Siku ile mvua ilikuwa imeibomoa. Nikapita ya chini, nikakohoa, na yule mtoto akaruka mfereji kama mwanambuzi! Akakimbia, mwanangu. Nilibaki nimesimama nacheka peke yangu. Nikasema nyumba yangu imepona."

Alikohoa, safari hii kikohozi cha kweli.

"Kesho yake njia ya juu ilikuwa imetengenezwa. Nikapita ya chini."

Sekela hakuweza kulivusha hilo. Mzee hakumngoja.

"Na siku iliyofuata. Na nyingine. Nilikuwa nakohoa mapema, nikiwa mbali, apate nafasi ya kukimbia vizuri. Sikujua kwamba mifupa ilikuwa bado. Hakulia, hakuchechemea. Mtu asiyeumwa unamjuaje kwamba anaumwa? Mwambie mguu wake nimeuvunja mimi."

Hasira ilimpanda Sekela. Alitaka kuruka dirisha amtikise yule mzee na koti lake. Alipogeuka, Anganile alikuwa amekwisha kukifunua kitenge, uso wote umelowa, na ajabu ni kwamba alikuwa na lile tabasamu lake.

"Mwambie baba nilijua," alisema. "Kikohozi cha kifua na kikohozi cha kuita si kimoja. Ningeweza kukaa ndani nikamenya ndizi zangu. Ila ikifika ile saa nilikuwa natoka mwenyewe, nasimama pale kwenye kona." Akajifuta pua. "Lwitiko yuko Chunya. Mama yangu hayupo. Nilikuwa nataka mtu anione nikikimbia."

Nje, benchi lililia kidogo. Sekela akasema kwa sauti yake ya kazi, "Anasema alijua." Mengine hakuyarudia.

Kisha Anganile akasema komeo lifunguliwe. Amekuwa akiutuma mguu ule kazi bila kuusikiliza, sasa auache useme. Mzee akasema mwambie kama ndivyo, nami nimeridhia. Hapo Anganile akamshika Sekela kiganja na kumvuta karibu, akamwambia jambo ambalo halikuwa la kuvushwa dirishani.

"Nikikuomba ufunge, usifunge. Hata nikikulilia."

Sekela akaahidi. Ilikuwa adhuhuri, jua linawaka, na mguu hauumi. Kwa saa kama ile ahadi ni nyepesi.

*

Gwakisa alikisafisha kidonda vizuri kuliko alivyowahi kusafisha chochote. Vyuma vya nje vikafungwa. Anganile alipozinduka, Sekela alikiweka kile kifaa nyuma ya goti, akabonyeza kidole gumba, na taa ndogo ikabadilika rangi.

Mwanzoni Anganile alisema haumwi. Kisha akasema maumivu yanakuja. Halafu akapiga ukelele ambao wodi ile haikuwahi kuusikia tangu ipakwe rangi.

Muuguzi Ipyana, kijana hodari kuliko wenzake, aliangusha sinia la vifaa na kukimbilia nje. Wagonjwa waliojiweza walikuja mlangoni na magongo yao, wakatazamana, wengine wakajishika nyuma ya magoti. Mama mmoja aliyepasuliwa kidole gumba alianza kuomba kwa sauti. Walikuwa wamesahau kwamba kitu hicho kiko ndani yao wote, kimefungiwa tu. Mkuu wa hospitali alikuja, akaamuru mlango wa wodi ufungwe, na walio nje wakaambiwa kuna matengenezo.

Yalikuwa maumivu yasiyoonea haya muda wa kula wala wa dua. Anganile alishika chuma cha kitanda mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakula. Akipewa uji aliutapika. Sekela alikaa naye, akamwekea vitambaa vya maji, akampa panado zile zisizo na maana, akajifunza upya kazi ambayo wakunga na bibi zake waliijua na yeye hakuwahi kufundishwa: kukaa na mtu anayeumwa na kutokukimbia. Nyuma ya dirisha benchi halikuwa tupu hata siku moja. Mzee alikuja asubuhi na kuondoka jioni, mgongo ukutani, na kila ukelele ulipotoka mabega yake yalipanda.

Na mguu ukaanza kujibu. Sekela aliuona mwenyewe akifungua bandeji: ngozi iliyokuwa ya kijivu ilipata joto, kingo za kidonda zikawa nyekundu, nyekundu ya nyama hai. Vidole bado vilikuwa vyeusi na havikuonyesha nia, lakini kisigino kilikuwa kinapigana. Hata Gwakisa alishika taa, akainama, akasema tuupe muda. Hilo lilikuwa neno kubwa kutoka kwake.

Siku hiyo hiyo Anganile aliomba.

"Funga, daktari."

"Ulisema nisifunge."

"Nakuomba."

"Ulisema hata ukinililia."

Anganile alimgeuzia macho yaliyoingia ndani. Midomo ilikuwa imepasuka, akasema polepole ili aeleweke.

"Aliyesema hakuwa mimi. Yule alikuwa na komeo. Alikuwa anajua nini?"

Swali hilo ndilo lililomsumbua Sekela hata baadaye, kuliko vyote. Ni nani kati ya wale wawili aliyepaswa kumtii? Yule wa adhuhuri, mwenye akili iliyotulia, aliyechagua bila kujua anachagua nini? Au huyu, anayejua kila kitu lakini hawezi kufikiri kingine? Wote wawili walikuwa Anganile. Alimwambia vumilia kesho tu, tuone, akajichukia kwa neno hilo tangu linatoka. Alikwenda chooni, akafungulia bomba, akalia.

Kesho ilifika na Anganile akaomba tena, na safari hii hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Aliugulia tu, sauti moja, mfululizo, kama mtoto mchanga aliyechoka kulia. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko mayowe. Kisigino kilikuwa bado chekundu. Vidole vilikuwa bado vyeusi. Sekela alisimama na kifaa mfukoni, kidole chake gumba kikikipapasa chenyewe.

"Daktari," aliita mzee kutoka nje. "Mwambie..."

Kisha Sekela akasikia benchi likisukumwa. Mzee Ambilikile alikuwa amesimama, bado amewapa mgongo, viganja vyote viwili vimeegemea nyuma ukutani.

"Sikutumi umwambie. Nakuambia wewe. Funga hicho kitu. Yule mtoto alikimbia kwa sababu yangu, asilie kwa sababu yangu. Mguu wa kuchechemea alikuja nao kwangu nikampokea. Asiye na mguu nitampokea. Funga, mwanangu."

Sekela akafunga.

Mabadiliko hayakuchukua muda. Mikunjo ya paji la uso wa Anganile ililegea, viganja vikaachia chuma, akapumua pumzi ndefu na kulala kabla hajasema asante. Wodi nzima ikanyamaza naye. Nje mzee alikaa chini, na Sekela alisikia analia kwa namna ya wanaume wa umri wake, kwa kukohoa.

Ule wekundu wa kisigino ulidumu kidogo, kisha ukafifia. Weusi wa vidole ukapanda hadi katikati ya unyayo, ukavuka kifundo, na hapo Gwakisa hakuwa na la kungoja. Aliukata chini ya goti, na Anganile hakuumwa hata kidogo. Akiwa ananawa mikono, Sekela alimuuliza kama siku chache zaidi zingetosha kuuokoa. Gwakisa alisugua kucha zake muda mrefu. Akasema asimuulize jambo ambalo hata Mungu akimjibu hataridhika.

Mguu walipewa watu wa nyumbani. Mzee aliupokea umefungwa katika kitenge, akaupakata kwenye bajaji njia nzima, akauzika kwa mkono wake migombani, jirani na mahali alipokwisha kujichagulia kaburi lake.

*

Mvua za masika zilipokatika, Sekela alikwenda kukikagua kidonda nyumbani. Hakulazimika, hospitali ilikuwa na watu wa kazi hiyo. Alikikuta kimefunga vizuri, ngozi safi. Anganile alikuwa amekonda, lakini alimkaribisha kwa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, akamtania kwamba madaktari hawajui kula.

Alimwambia kwamba unyayo ule bado unamuuma. Ule uliozikwa. Unamuuma hasa vidoleni, saa za mchana. Sekela alisema wanaweza kujaribu komeo jipya, juu zaidi, pajani; wakati mwingine husaidia. Anganile akasema hapana, ndaga, akishukuru kwa lugha ya nyumbani. Amezoea kuishi na mguu unaouma. Ukinyamaza tena atakuwa hana habari zake kabisa.

Alimsindikiza mgeni wake, kama desturi inavyotaka, na hakukubali kukatazwa. Walishuka njia ya chini polepole, magongo yakigonga mawe, Sekela akibeba mkoba na mkungu mdogo aliopewa zawadi. Walipoikaribia kona ya mfereji, mtu alikohoa.

Anganile alisimama. Mwili wake wote uliinamia upande wa mfereji, mabega, kiuno, na Sekela aliuona mwili huo ukitafuta mguu wa kurukia na kuukosa. Akautazama mfereji, mpana, umejaa maji ya masika. Hakuwa na pa kwenda. Akaanza kuvuta kitenge ajifunike hapo hapo njiani, na uso wake ulikuwa na aibu ambayo hata maumivu hayakuwahi kuuletea.

Lakini Mzee Ambilikile alikuwa amekwisha kuyasikia magongo. Kule mbele, aliirusha fimbo yake ng'ambo, akapandisha suruali, akaingia kwenye mfereji. Maji yakamfika magotini. Alishika mizizi, akateleza, akashika tena, akatoka upande wa pili na matope mikononi. Akaingia migombani, akachuchumaa, akageuza uso wake kwenye shina la mgomba na kuvua kofia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni alisimama akashika kifua. Hakuwahi kuona mzee wa ukoo akimkimbia mkwe.

Anganile hakusogea. Alilia bila sauti, machozi yakidondokea mikono iliyoshika magongo. Kisha akajikaza, akaanza kutembea, na alipokuwa usawa wa mgomba ule akasimama.

"Daktari," alisema, "mwambie baba maji yale ni ya baridi. Ataumwa kifua."

Sekela aligeukia ule mgongo uliolowa. "Anasema maji ni ya baridi, mzee. Utaumwa kifua."

"Mwambie apite taratibu," mzee alilijibu shina la mgomba. "Asinihofie. Niko hapa, nangoja."

Anganile akapita, gongo moja, kisha jingine, mpaka mwisho wa kona. Sekela alipotazama nyuma, mzee alikuwa bado amechuchumaa, anasikiliza, na hakuinuka mpaka magongo yalipoacha kusikika.